Nani Hasa ni Sindano Butu?

Mficha uchi hazai. Aibu tunayoifunika kwa mikono miwili haituachii mkono wa kupokelea msaada. Fundi mmoja wa cherehani aliijua methali hiyo tangu shuleni, lakini kujua ni jambo moja na kutenda ni jingine.

Fundi huyo alipofuka miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa kisukari. Wateja aliwaambia kwamba ameacha kazi kwa sababu ya mgongo. Ukweli ulibaki kati yake na mkewe. Kila jioni mkewe, karani wa zahanati, alimsomea maswali kutoka jukwaa la mtandaoni ambako mafundi na washonaji waliandika kwa pamoja mwongozo wa kutengeneza cherehani. Mume alijibu, mke akaandika. Walijiita Sindano Butu, na majibu yao yaliaminika kuliko ya wengine wote.

Siku moja tapeli aliyejifanya fundi alimwelekeza mshonaji kufungua mota bila kuchomoa waya wa umeme, naye akaungua mkono. Msimamizi wa jukwaa, mwalimu mstaafu wa ushonaji, akaamua kwamba majina ya utani yatabaki, ila kila mwandishi amwonyeshe uso na kitambulisho kwa simu ya video.

Mke alimsihi mumewe ajitokeze. Akakataa katakata.

"Wakijua sioni, nani atafuata maelekezo yangu? Jitokeze wewe."

Mke akakaa mbele ya simu kwa shingo upande. Kitambulisho hakikuwa na kasoro. Kisha Mwalimu akamuuliza kwa nini uzi hujisokota chini ya kitambaa ilhali bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, ni nzima. Mke akababaika, na nyuma ya pazia mumewe akamnong'oneza jibu. Mwalimu aliusikia mnong'ono. Akasema kwa upole kwamba mtu mkweli hapewi majibu na mtu aliyejificha, akaifunga akaunti ya Sindano Butu.

Kesho yake majibu yao yote yalikuwa yameondolewa kwenye mwongozo. Mke aliyasoma maoni ya wanachama kwa sauti, kama alivyosoma maswali siku zote, mpaka alipofika kwenye neno "tapeli." Hapo akaiweka simu chini.

"Mume wangu, sijawahi kuiba hata uzi," alisema. "Leo naitwa tapeli kwa sababu yako."

Fundi alitambua kwamba aibu aliyodhani ameizika alikuwa amemtwika mkewe.

"Mpigie Mwalimu," akasema hatimaye. "Nitakaa mbele mimi."

Alikaa, uso umeelekea pembeni kidogo ya simu, akaeleza yote bila kubakiza. Mwalimu alivuta cherehani yake karibu na simu, akakanyaga pedali. Fundi akatega sikio.

"Mkanda umelegea, Mwalimu, unateleza. Na sindano imepinda, inakwangua bamba la chuma chini yake."

Mwalimu aliichomoa sindano, akaiviringisha juu ya meza. Ikayumba.

"Kweli imepinda," akasema. "Fundi, kwa nini hukusema mapema?"

"Niliona haya."

Majibu yakarudishwa siku hiyo hiyo, na Mwalimu akawaomba radhi wote wawili mbele ya wanachama. Akaunti ikasajiliwa kwa watu wawili: mjuzi na mwandishi wake. Wateja wawili wa zamani walioyasikia hayo walisema hawawezi kumpa kipofu cherehani, lakini wengine watano walimletea zao. Na mwanachama mmoja, naye asiyeona, alimfundisha kuitumia simu inayosoma maandishi kwa sauti na kuandika anayoyasema mtu.

Sasa mkewe hupumzika jioni, ingawa hulalamika kwamba simu ile inasoma vibaya kuliko yeye. Msaada huo ulikuwapo miaka yote mitatu, umbali wa swali moja tu. Fundi hakuupata mpaka alipojifunua, kwani mficha uchi hazai.