Maharage ya Bi Osmunda

Hapo zamani za juzijuzi, katika hospitali ndogo ya milimani, palikuwa na nesi aitwaye Gaudensia. Akalazwa pale kijana Longinus, apasuliwe ngiri. Jioni Gaudensia akawaambia yeye na mama yake, Bi Osmunda, "Kesho ni upasuaji. Asile kitu mpaka atoke. Akila, anaweza kupaliwa akafa."

"Tumesikia, mwanangu," akajibu Bi Osmunda.

Walisikia kweli. Lakini kulipokucha Bi Osmunda akamwonea mwanawe huruma. Akatoa ugali na maharage chini ya kanga.

"Kula, baba. Utakatwaje na njaa tumboni?"

Longinus akala. Gaudensia akaja kumchukua. "Umekula?"

"Sijala, dada."

Kwenye chumba cha upasuaji Longinus akatapika, akapaliwa, nusura roho imtoke. Daktari Haule akahangaika naye mpaka akapumua. Kisha akatoka nje, jasho linamtiririka, akafoka mbele ya wodi nzima: "Gaudensia! Umemwacha mgonjwa wangu ale! Vua sare, nenda nyumbani!"

Hakumwuliza hata neno moja.

Gaudensia akaenda. Sokoni watu wakanong'ona, "Si ndiye huyo?" Akajifungia ndani akalia.

Longinus alipopata nafuu akauliza, "Yule dada yuko wapi?" Wakamweleza. Akamtazama mama yake, mama akatazama chini. Wakaenda wote wawili kwa daktari, wakasema yote. Daktari Haule akatoka kwa miguu mpaka kwa Gaudensia, akamrudisha, akamwomba radhi mbele ya wodi ileile.

Bi Osmunda akaleta jogoo. Wakala, wakacheka. Gaudensia akasema, "Nimewasamehe nyote. Ila adhabu ipo: mwenye kosa kubwa kuliko wenzake atafua mashuka ya wodi."

"Basi ni mimi," akasema Bi Osmunda. "Nilikatazwa, nikalisha."

"Mama alitenda kwa huruma," akasema Longinus. "Mimi niliulizwa, nikadanganya. Halafu nikajilaza mezani kwa daktari, tumbo limejaa."

Daktari alikuwa ameshakunja mikono ya shati. "Nyinyi mlimficha ukweli tu. Aliyemvunjia heshima ni mimi, mtu anayemjua miaka yote."

Wakang'ang'ania beseni la kufulia, huyu anavuta huku, yule kule, Gaudensia anacheka mpaka machozi.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mngekuwa Gaudensia, beseni lile mngemwachia nani?