Kunde Hakuinuka

Mtii hafi kwa kosa lake. Bibi Namsifu alisema hivyo alipowasikia wajukuu wakimcheka mlinzi wa jirani, aliyenyeshewa kutwa kwa sababu bosi alimwambia asiondoke getini. Wakamwuliza msemo huo ameutoa wapi.

"Ulianzia Korogwe, wajukuu zangu, na ulianza na mbwa. Sikilizeni."

Mwalimu Kihiyo alikuwa akifundisha karate katika ghala kuukuu la mkonge. Asubuhi moja mwanafunzi wake, binti aliyeitwa Tabu, aliokota mtoto wa mbwa mtaroni, akamleta kifuani ndani ya gwanda lake jeupe. Kwa rangi yake wakamwita Kunde. Akawa wa wote. Alilala juu ya viatu vyao mlangoni, aliiba soksi, na wanafunzi walipopiga ukelele wa ngumi naye alibweka, mazoezi yakavunjika kwa vicheko.

Mwalimu hakucheka. "Hapa hata mbwa atakuwa na nidhamu."

Akamfunza. Akiambiwa "Kaa!" anakaa, na hainuki mpaka Mwalimu mwenyewe aseme "Inuka!" Akiitwa na mtu mwingine akaenda, fimbo. Kunde akajua. Wageni walistaajabu, na Mwalimu akavimba kichwa.

Siku ya mtihani wa mikanda, Mwalimu alimkalisha Kunde katikati ya ua ili wageni wamwone wakiingia. Kisha akaingia ndani, akamsahau.

Tabu alikuwa mstarini, ameelekea dirishani. Akaona lori la mkonge likiingia uani kinyumenyume.

"Mwalimu, Kunde!"

"Nani amekuruhusu kusema?"

"Lori, Mwalimu! Mwambie ainuke!"

"Mtihani hausimami kwa ajili ya mbwa. Piga pushapu mpaka nikwambie basi."

Mtu mmoja mstarini akaguna kwa kicheko. Tabu hakupiga pushapu, alitoka mbio, akaanza kuita tangu mlangoni.

"Kunde, inuka! Njoo, baba, njoo!"

Kunde alimtazama, akatikisa mkia. Mwili wote ulikuwa ukitetemeka. Lakini sauti ile haikuwa ya Mwalimu, naye alikuwa mbwa mwenye nidhamu. Utingo wa lori alipiga bodi kwa kiganja ili lisimame, dereva akachelewa kusikia.

Mwalimu alipotoka alimkuta Tabu ameketi vumbini, amempakata, gwanda limelowa damu.

"Mbwa mpumbavu," alisema. "Kwa nini hakukimbia?"

"Ulimwambia akae." Tabu hakuinua macho. "Mtii hafi kwa kosa lake, Mwalimu."

Tabu alimchimbia Kunde kaburi nyuma ya ghala, peke yake. Mwalimu alimwomba jembe amsaidie. Hakumpa. Wala hakurudi tena kwenye shule ile.

Basi tangu hapo, mtu akimcheka aliyeumizwa na utii wake, watu wa kule humwuliza kwanza: ni nani aliyemkalisha, na alikuwa wapi wakati wa kumwinua? Mtii hafi kwa kosa lake.