Maji ya Juu ya Pale Ulipokatwa

Ndugu zangu, kule milimani palikuwa na mama mmoja mjane, mwenye mtoto mmoja tu. Kijiji chao kilikunywa maji ya mfereji uliochimbwa na mababu kutoka kwenye chemchemi, na ukoo ulikuwa umemweka mzee mmoja aulinde. Mzee akipiga pembe, kila mtu alibeba jembe akapanda kwenda kuusafisha. Hakuna aliyebisha.

Basi mwaka mmoja mzee akawaambia, "Njia ya zamani ina mwinuko mkali, mnachoka bure. Nimewarahisishia." Akaukata mfereji chini kidogo ya chemchemi, akaupitisha bondeni, pale wanapooshea kahawa na kumwaga uchafu wake. Watu wakapiga vigelegele. Nani asiyependa kurahisishiwa?

Haukupita muda, watoto wakaanza kuharisha. Wa yule mama akalegea, macho yakaingia ndani. Mama akaenda kwa mzee, akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Maji yananuka. Mwanangu ananifia."

"Marahaba. Aliyekabidhiwa mfereji ni wewe au mimi?"

"Ni wewe, baba. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mzee akamfukuza. Mama akaenda kwa wakuu wa ukoo waliomweka, akawaeleza yote bila tusi hata moja. Wakasema watalitazama. Ninyi mnajua kutazama kwa wakubwa kunavyochukua muda.

Njiani akakutana na vijana wamebeba majembe. "Tunakwenda kuubomoa, mama! Kila mtu ajichimbie kisima chake."

"Mkiubomoa, kijiji kizima kitakunywa nini?"

Jirani yake naye akamwambia, "Wewe mpe mtoto anywe tu. Mzee akikosea, dhambi ni yake."

"Dhambi ni yake, sawa," mama akajibu. "Na kaburi je, litakuwa la nani?"

Akachukua ndoo, akaupanda ule mwinuko huku analia, mpaka juu ya pale mfereji ulipokatwa. Akateka, akamnywesha mwanawe. Siku zote akawa anapanda, na mtoto akapona.

Kisha mzee mwenyewe akaugua. Vijana wakasema, "Acha ayanywe maji yake!" Mnadhani nani aliingia na kibuyu? Yule yule aliyefukuzwa. Akamwinua kichwa, akamnywesha.

"Maji matamu haya," mzee akanong'ona. "Umechimba kisima?"

"Hapana, baba. Ni ya mfereji wako. Nimeyateka juu ya pale ulipoukata."

Mzee akageukia ukutani, akalia. Alipopata nguvu ya kusimama, akapiga pembe, kuwaita watu waurudishe mfereji kwenye njia yake ya zamani.

Na sisi? Tukimsikia kiongozi wetu, awe katekista, padre au hata askofu, anafundisha kinyume cha imani tuliyopokea kwa Mitume, tunafanyaje? Wengine tunameza tu kwa sababu amevaa kanzu. Wengine tunahama, kila mtu na kisima chake. Imani si yake, wapendwa, yeye amewekwa ailinde tu. Tupande tukateke kule juu, katika Injili na katika mafundisho ya Kanisa ambayo hata yeye aliyakuta. Tumwambie kwa heshima, tuwaambie waliomweka, na wakichelewa tusichoke kupanda.

Lakini wengi wetu kazi yetu ni kumteta tu, jumuiyani na sokoni. Inauma kusema, ila ni kweli. Wewe uliyemsema padre wako wiki nzima, hebu nijibu moyoni mwako: umeshampelekea maji?