Ufunguo wa Stoo Siku ya Zege

Wapendwa, kulikuwa na msimamizi mmoja wa ujenzi ambaye hakumwamini mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe na mkewe, na mkewe naye si kila siku. Stoo ya saruji aliipiga kufuli kubwa kama ngumi, ufunguo akatembea nao. Fundi akitaka hata msumari, amngoje bosi.

Ikafika siku ya kumwaga zege la juu. Mliowahi kujenga mnajua, zege likianza halisimami. Mawingu yameshatanda, na mwenye nyumba kasema wazi: leo likishindikana, anatafuta msimamizi mwingine. Bwana yule akaona bado kuna nafasi ya supu. Simu akaizima. Supu gani ya kongoro inaliwa huku mtu anapokea simu?

Aliporudi, kijiti kinywani, akakuta mafundi wamepindua makarai wameyakalia. Na mwenye nyumba kasimama pale, mikono kifuani.

Aibu ikampanda, akaigeuza hasira.

"Yaani nikigeuka tu mnakaa! Wavivu wakubwa nyie!"

Fundi mkuu akainuka. "Bosi, mchanga tayari, kokoto tayari, maji tayari. Tunangoja..."

"Kungoja ndiyo kazi niliyokupa? Beba vitu vyako, nenda kwenu!"

Fundi akaanza kufuta mwiko wake.

"Haya, huyo anaondoka," mwenye nyumba akasema taratibu. "Saruji iko wapi?"

Jasho likamtoka msimamizi. Akatia mkono mfukoni kuvuta leso, leso ikatoka na ufunguo. Ukaanguka juu ya kokoto, ukalia.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka! Yule fundi aliyefukuzwa akainama, akauokota, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. Mikono miwili, wapendwa. Msimamizi akashindwa kuupokea. Na mvua ikaanza.

Sasa sisi. Vijana hawajitumi, kwaya imepooza, watu wa nyumbani hawaamui kitu mpaka tuwepo. Nani kafunga stoo? Mwenyekiti wa kamati, inua uso, usione haya peke yako. Hata mchungaji wako leo mkono umegoma kutoka mfukoni.

Tuombe. Ila kabla ya kufumba macho, kila mtu apapase mfuko wake. Sitafuti sadaka, hiyo imeshapita. Kuna watu huko wamekalia makarai, wanatungoja sisi, na tumeshawatukana.