Watu Watatu na Mamba wa Mkalazi

Hapo zamani, zamani za majumbe, wakati barua ya kutoka bomani ilipochukua mwezi mzima kufika, palikuwa na kijiji kando ya mto Mkalazi kikiitwa Kwekivumo. Katika kijiji hicho walikuwapo watu watatu waliokuwa na kazi ambayo hakuna mtu aliyewatuma.

Wa kwanza aliitwa Chambega, mrina asali. Wa pili aliitwa Kidawa, mfinyanzi, mjane, aliyechimba udongo wake ukingoni mwa mto. Wa tatu alikuwa Mwalimu Sekiondo, aliyekwisha kuacha kufundisha kwa sababu ya kifua. Kazi yao ilikuwa hii: kila baada ya siku saba walikutana barazani kwa Mwalimu na kuandika katika daftari wanyama na ndege wote walioonekana mtoni. Chambega huona, kwa kuwa yuko juu ya miti. Kidawa hupima, kwa kuwa nyayo zote hupita kwenye udongo wake. Mwalimu huandika.

Watu waliwacheka. "Wanahesabu korongo," walisema, "na korongo wenyewe hawana habari."

Mwaka mmoja waliandika habari za chatu aliyelala juu ya mwamba. Chambega akazisimulia kilabuni. Asubuhi yake vijana wakapanda na mienge. Chatu akaungua, kichaka kikaungua, na mizinga kumi na miwili ya Chambega ikaungua na nyuki wake. Chatu yule alikuwa hajala hata kuku wa mtu. Basi wale watatu wakala yamini: lililoandikwa daftarini halitoki nje mpaka wote watatu wakubali.

Miaka saba waliandika, na miaka saba Mwalimu aliandika mstari uleule: "Mamba, hakuna." Wazee wa kijiji walikuwa wamewaua wote zamani. Mwaka wa nane, kiangazi, Chambega alifika barazani akitweta.

"Nimemwona," alisema. "Jike. Ng'ambo, nyuma ya matete, hatua mia mbili chini ya kivuko. Anachimba mchanga."

Chambega aliona, Kidawa akaenda kupima. Alivukia mbali, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye mchanga, akaweka kiganja chake juu ya unyayo. Shibiri moja na vidole viwili. Alihisi furaha ambayo hakuwa ameihisi tangu mumewe afe. Baadaye, katika yote yaliyompata, hakuna kilichomchoma kama kuikumbuka furaha hiyo.

Mwalimu akaandika. Kisha akafunga daftari akauliza, "Tuwaambie watu?"

Chambega akasema, "Tuwaambie. Kivukoni wanashuka wanawake."

Mwalimu akasema, "Tukiwaambia leo, kesho ameuawa, na mayai yamepasuliwa. Ni wa mwisho. Mayai huanguliwa kwa miezi mitatu, kisha atarudi kwenye vilindi. Nitamwandikia Bwana Nyama, mwangalizi wa wanyama pori kule bomani, alete watu wa kumhamisha. Tusubiri."

Wakamtazama Kidawa. Mmoja kwa mmoja, naye ndiye wa kukata shauri. Kidawa alimfikiria chatu, akaufikiria unyayo ule mchangani.

"Tusubiri," akasema.

Mwalimu akaandika barua. Mwezi ukapita, akaandika ya pili. Jibu halikuja.

Kidawa alikuwa na mdogo wake mmoja tu duniani, Mwashamba, aliyeolewa na Semhando, mkulima wa mpunga. Siku ileile ya shauri Kidawa alikwenda kwake, akamkuta anatwanga.

"Mdogo wangu, usiteke maji kivukoni. Nenda kisimani."

"Kisima kiko mbali, dada. Kuna nini kivukoni?"

Kidawa alikuwa na yamini mdomoni. Akasema, "Nimeota vibaya."

Mwashamba aliacha mchi akamtazama. "Umeota nini?"

"Ndoto mbaya haisimuliwi. Wewe nisikilize."

Mwashamba alimsikiliza. Mwezi wa kwanza akaenda kisimani. Mwezi wa pili akaenda kisimani. Mwezi wa tatu kisima kikawa tope, na foleni ya ndoo ikaanzia alfajiri. Nyumbani mama mkwe wake alikuwa anaharisha, maji yanatakiwa kila saa. Adhuhuri moja alichukua mtungi, mtungi aliofinyangiwa na dada yake, akashika njia ya kivukoni. Jirani yake alimwuliza kama hakukatazwa.

"Dada ameota," alijibu Mwashamba. "Lakini ndoto hainyweki."

Saa hiyo Chambega alikuwa juu ya mti, anafukiza mzinga. Aliona yote mawili mapema: Mwashamba anateremka, na mchanga wa ng'ambo mtupu, mamba hayupo mahali pake. Chambega hakupiga kelele. Alisema moyoni, huenda yuko kwenye vilindi, huyu atachota aende zake. Alipoona maji yanajikunja karibu na ukingo, alipiga ukelele. Mwashamba akainua uso kutafuta sauti inatoka wapi. Akachukuliwa akiwa bado anatazama juu.

Chambega alishuka, akaenda kuchukua mkuki, akarudi peke yake. Siku mbili alikaa ndani ya matete. Siku ya tatu alimuua mamba. Walichokizika hakikujaza hata nusu ya sanda, na Kidawa hakuruhusiwa kukiona. Watu wakafukua mchanga wakakuta mayai arobaini na moja, watoto wameanza kulia ndani ya maganda. Wakayapasua yote.

Sasa watu wakauliza: mamba huyu alikuja lini? Hakuna aliyejua ila wale watatu. Mwalimu Sekiondo angeweza kulitia daftari motoni, na siri ikafia hapo. Hakulitia. Alilileta mbele ya Jumbe, akasimama, akalisoma mwenyewe kwa sauti, juma baada ya juma, akirudi nyuma miezi mitatu, mpaka akafika, "Chambega aliona. Kidawa alipima. Tumekubaliana kusubiri." Hapo kifua kikambana, akaketi.

Desturi ya Kwekivumo ilikuwa kwamba damu ya mtu haigawanywi. Hubebwa na mmoja. Huyo huhama, na akifa hazikwi kwao. Anayemtaja ni mwenye msiba. Jumbe akamwita Semhando akae mbele, akawaambia wale watatu waseme.

Chambega akasema, "Mimi niliona, na siku ileile nikasema tuwaambie watu. Wenzangu wakanikatalia. Nilifungwa na yamini. Mamba nimemuua mimi."

Semhando akamwuliza, "Mke wangu alipokuwa anateremka, ulikuwa wapi?"

"Juu ya mti."

"Yamini ilikukataza kumwita?"

Chambega akainamisha kichwa. "Haikunikataza. Nilidhani atachota aende."

Mwalimu akasema, "Mimi ndiye niliyesema tusubiri. Sikukusudia kifo cha mtu. Niliandika barua mbili. Na bila daftari langu msingejua lolote, mngesema ni ajali ya mto."

Jumbe akasema, "Mwalimu, barua ya kwanza ilipokosa jibu, kwa nini hukuja kwangu? Nyumba yangu iko karibu kuliko boma."

Mwalimu akatazama watu waliojaa pale. "Nilikumbuka mienge," akasema. Na wengi wa vijana waliopanda mwambani walikuwapo, na hakuna aliyeinua macho.

Kidawa alisimama mwisho. Alikuwa amejipangia maneno, yakamkimbia.

"Mimi peke yangu nilimwonya," akasema. "Nilimwonya, shemeji, siku ileile."

"Ulimwambia umeota," akasema Semhando.

"Ndiyo."

"Ungesema neno moja, mamba, mke wangu angekufa kwa kiu kabla hajashika njia ile."

"Ndiyo, shemeji."

Mwanamke mmoja akainuka nyuma, ana mtoto mgongoni. "Yeye alimwonya nduguye, hata kama kwa uongo. Wangu watatu wameoga pale kila jioni, miezi mitatu. Wangu nani aliwaotea?"

Kidawa aliketi chini, na kwa mara ya kwanza tangu maziko alilia, akilia si kwa ajili ya mdogo wake tu bali kwa kuwa alijua kwamba mwanamke yule alikuwa anasema kweli.

Jumbe akamwambia Semhando, "Umewasikia. Taja jina moja."

Semhando akanyanyuka. Akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

Nanyi mnaonisikiliza, semeni kabla yeye hajasema. Yuko aliyetaka kusema, naye saa ya kusema ilipofika akanyamaza. Yuko aliyeamua kusubiri, naye ndiye aliyeleta ukweli mezani. Yuko aliyekata shauri, akamwonya mmoja kwa ndoto na kuwaacha wengine. Tena wako walioshika mienge, ambao bila wao siri ile isingekuwapo, nao wamekaa pale kusikiliza kesi. Je, nani alistahili kuibeba damu ya Mwashamba?