Ukoko wa Marehemu Sultani

Palikuwa na sultani mmoja wa mji wa Mwambarao, jina lake Ngwali, aliyekuwa na kila kitu isipokuwa baba wa kujivunia. Si kwamba hakuwa na baba. Alikuwa naye, tena sultani kama yeye, lakini marehemu yule maisha yake yote alikula, akalala, akaamka akauliza chakula ki wapi. Watu wangesimulia nini hapo?

Na Mwambarao kusimuliana ilikuwa sheria. Kijana akitaka kuoa, siku ya kuamkia harusi alikalishwa kwenye mkeka mbele ya majirani, akasimuliwa maisha ya somo wake, yaani yule mzee aliyempa jina. Kwanza sifa, ili apate pa kushika. Kisha aibu, ili asivimbe kichwa. Asiyesimuliwa vyote viwili, kadhi hamfungishi ndoa, hata aje na mahari ya ngamia.

Basi Sultani akiwasikia wenzake, huyu babu yake kaua chui, yule bibi yake kaokoa watoto kwenye moto, roho ikimuuma. Jina la baba yake halitajwi popote. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akamtuma mpiga mbiu mitaani:

"Kuanzia leo, kila anayewasimulia vijana habari za wazee, mtenda wa habari hizo ni marehemu baba yake Sultani, na si mwingine! Atakayetaja jina jingine atafukuzwa mjini na nyumba yake itabomolewa!"

Sasa, alikuwapo Bi Mwanakheri, mjane muuza vitumbua, ambaye mdomo wake hauna kufuli. Mjukuu wake Shaali alikuwa anaoa Ijumaa ya wiki ileile, na jina hilo alilichukua kwa babu yake, marehemu mume wa Bi Mwanakheri. Shamba la kumrithisha kijana hakuwa nalo. Alikuwa na kisima cha uani, chenye maji matamu kuliko yote mjini, na kisa cha huyo mumewe aliyekichimba. Basi.

Aliposikia mbiu ile alilia, tusifichane. Alilia huku akigeuza vitumbua mpaka vikaungua. Akinyamaza, mjukuu haoi. Akisema kweli, wanalala nje. Na akimtaja huyo mlafi wa watu, marehemu Shaali wake ndiyo kafutika, kama hakupata kuzaliwa. Halafu akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akaanza kucheka peke yake. Jirani akadhani moshi umempanda kichwani.

Siku ya kusimuliwa ilipofika, kadhi na majirani wamekwisha kukaa, Sultani akaja mwenyewe. Sifa za kisima kile alizisikia tangu utotoni, na sasa alitaka kuona kinavyohamia kwa baba yake. Wakamwekea kiti kivulini, ubavuni mwa kisima.

"Haya, mume wangu," Bi Mwanakheri akamwambia mjukuu, kwa ule utani wa mabibi, "kaa vizuri usikie habari za mtu aliyechimba kisima hiki. Ni marehemu baba yake Sultani."

Majirani wakatazama chini. Bwana harusi akageuza uso. Sultani akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Alichimba peke yake, jua kali, mabwawa yamekauka, watoto wanalia kiu. Alipofika kwenye mwamba watu walimwambia aache. Hakuacha. Mji mzima ukanywa."

"Mashallah!" akasema Sultani. "Hebu rudia hapo kwenye mwamba."

Akarudia. Kisha akakohoa kidogo. "Hiyo ndiyo sifa yake. Sasa aibu."

"Aibu gani?" akauliza Sultani.

"Marehemu baba yake Sultani alipooa hapa kwetu, bado yumo ndani ya fungate, njaa ikamshika mchana. Akanyatia jikoni kwa mama mkwe. Akaona sufuria kubwa ya pilau, ukoko umeganda chini. Akatia mkono, haufiki. Akatia kichwa. Kikaingia, kikagoma kutoka! Mama yangu akaja na mashoga zake, akakuta mwanamume kavaa sufuria, analamba. Akamshukia kwa mwiko."

Ua mzima ukaangua kicheko. Askari mmoja wa Sultani aliangusha mkuki.

"Wee bibi!" Sultani akainuka, akashika ukingo wa kisima. "Baba yangu alambe ukoko wa mkwewe?"

"Si mimi, bwana mkubwa. Ni amri yako."

"Nilikusudia habari za sifa!"

"Mpiga mbiu hakusema hivyo. Juzi kwa Mzee Hemedi, aliposimuliwa kijana wake, baba yako kauza mbuzi mmoja kwa watu wawili. Jana mtaa wa pili kamtorokea mkewe. Tunajitahidi, bwana wangu, lakini marehemu ana shughuli nyingi."

"Aibu wapeni wengine!"

"Wengine wepi? Umetwambia hapakuwa na wengine."

"Basi iache!"

"Nikiiacha mjukuu wangu haoi. Tena kisa chenyewe kitakatika, maana kisima hiki ndiyo faini ya ule ukoko. Mama alisema, umenifedhehesha mbele ya mashoga zangu, nichimbie kisima, ama binti yangu humwoni tena. Bila sufuria hakuna kisima. Chukua vyote viwili, bwana mkubwa, ukoko na maji yake ya kushushia."

Sultani akafoka. "Uongo mtupu! Wallahi, baba yangu hakuoa kwenu, hakulamba ukoko wenu, wala hajapata kutia mguu wake katika ua huu!"

Kadhi akamtazama Sultani, kisha akamtazama Bi Mwanakheri. Bibi akapiga goti kwa adabu zote.

"Tumesikia, bwana mkubwa, na kiapo chako mji mzima umekisikia. Basi mwambie bwana harusi wewe mwenyewe, maana mimi nimekatazwa kutaja jina. Hicho kisima ulichokishika, kachimba nani?"