Chui Alivyokunja Waya kwenye Barafu

Paukwa! Pakawa! Masikio yako wapi? Yako hapa! Basi yategeni, na atakayesinzia asije akaniuliza mwisho.

Hapo kale, juu kabisa mlimani, Mama Pimbi aliishi pangoni na vitoto vyake vitatu. Baridi ya huko, jamani, hata mate yaliganda kabla ya kufika chini. Kilichowaweka hai ni jiko la umeme. Waya wake, uliovikwa ganda la plastiki, ulitoka kwenye gurudumu la kufua umeme kwenye maporomoko ya maji kule chini, ukapita juu ya barafu mpaka pangoni.

Siku moja akaja Chui, mwenye mapango saba na bado hajatosheka. Akasema anautaka waya ule. Mama Pimbi akamsihi, watoto watakufa kwa baridi. Chui akamjibu kwamba watoto wa pimbi wamejaa tele duniani.

Mama Pimbi aliogopa. Lakini waya ule alikuwa anaujua. Ukilala umenyooka kwenye barafu, ganda huuzuia umeme barabara. Ukiukunja ungali na baridi, ganda hupasuka kama kigae. Akasema kwa upole, "Uchukue, mjomba. Ila usiukunje kabla sijaupasha joto."

"Unataka kunichelewesha tu. Mimi nimekunja kamba tangu hujazaliwa."

"Haya, mjomba. Mimi nimesema."

Chui akaukunja kama kamba ya mbuzi, kiganjani na kwenye kiwiko. Akakunja mara ya kwanza, ta! Akasema ni barafu hiyo. Akakunja mara ya pili, ta! Akasema ni barafu hiyo. Akakunja mara ya tatu, ta! Shaba ikagusa manyoya yaliyolowa. Dzzzzz! Akautupa waya, akateleza mlima mzima, purururu, mpaka nyikani, wala hakurudi tena.

Mama Pimbi akashuka kulisimamisha gurudumu. Akauingiza waya pangoni kungali na joto, ulipolainika akazungushia utepe wa mpira kila penye ufa. Akaunyoosha, akalifungulia gurudumu. Jiko likawa jekundu. Vitoto vikamlalia tumboni, naye akashusha pumzi, akacheka, akalia kidogo. Alhamdulillahi, wote watatu walikuwa wazima.

Hadithi yangu imekwisha. Ikiwa tamu, imezeni. Ikiwa chungu, mpelekeeni jirani. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkubwa hakosei. Msibishane naye hata kidogo. Mwacheni akunje.